Kitanda Kimoja Chenye Cheti

Pale hospitalini walimwita Punguza, na jina lilimkaa. Alikuwa afisa ununuzi, na maishani mwake hakuwahi kulipa bei aliyotajiwa mara ya kwanza. Hata kinyozi wake alimnyoa kwa nusu bei, na ilionekana.

Basi ikaja zamu ya kununua programu ya kufuatilia wagonjwa mahututi, ile inayoonyesha mapigo ya moyo kwenye skrini na kupiga king'ora mambo yakiharibika. Wauzaji wawili wakajitokeza. Wa kwanza alikuwa na cheti cha usalama, programu yake imejaribiwa kila namna, lakini bei ilimfanya mganga mkuu aombe maji ya kunywa. Wa pili alikuwa na bei nafuu na tabasamu. "Cheti ni karatasi tu, mzee wangu," alisema.

Kamati ikavutana mpaka chai ikapoa. Punguza ndiye aliyekata mzizi wa fitina: yenye cheti inunuliwe kwa kitanda kimoja, na vingine vyote vitiwe ile ya bei nafuu. Wajumbe wakampigia makofi. Usalama umepatikana na fedha zimebaki, mtu atake nini tena?

"Na hicho kimoja atalala nani?" akauliza muuguzi mkuu wa wodi.

"Mwenye hali mbaya."

"Bwana wee, wote wana hali mbaya. Ndiyo maana wako kwangu."

Wakaamua wapokezane. Kila mgonjwa akawa anasukumwa pamoja na dripu yake kwenda kuonja usalama kwa saa chache, kisha anarudishwa kwenye bahati yake. Ndugu wakagombania zamu mpaka mlinzi akaitwa.

Ile ya bei nafuu haikuwahi kulalamika. Asubuhi moja kitanda kilikuwa kitupu, godoro limetolewa kuanikwa, na skrini ikaendelea kuonyesha moyo unaodunda vizuri kabisa. Punguza akampigia simu muuzaji.

"Tumeitengeneza iwe tulivu," akajibiwa, "isiwatie ndugu wasiwasi."

Punguza akaridhika. Ni rahisi kuridhika mama yako akiwa mzima nyumbani.

Wiki hiyohiyo mama yake akaletwa, kifua kimembana. Punguza akakimbilia kitanda chenye cheti, akamkuta mwalimu mstaafu ndiyo kwanza ameanza zamu yake.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unipunguzie muda kidogo."

"Marahaba. Sipunguzi hata dakika," mwalimu akajibu, akavuta shuka mpaka kidevuni.

Mama akalazwa kitanda cha jirani. Akaitazama skrini, namba zote za kijani.

"Hii umeichagua wewe?"

"Ndiyo, mama."

Uso wa mama ukachangamka. Akamgeukia mgonjwa wa pembeni na kumwambia, pumzi zikimkatika, kwamba mashine hizi zote ni za mwanawe, na mwanawe hanunui kitu ovyo.

Punguza alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamshika mama mkono, akatafuta mapigo kwa vidole vyake mwenyewe. Yalikwenda mbio, yakasita, yakaenda mbio tena. Akamwita muuguzi kwa sauti ya mtu anayeibiwa. Muuguzi akaja mbio, akamchoma mama sindano, na taratibu kifua kikaanza kulegea.

"Nenda kazini, baba," mama akamwambia, macho yakimlemea. "Si mashine yako inaniangalia?"

Punguza akavuta stuli kwa mguu, akaketi, vidole vikiwa palepale.

"Leo sina kazi, mama."