Kazi ya Kuomba Zalio

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha utafiti Msambweni nilipewa ufagio na banda la sungura. Msimamizi wa wanyama akaniambia, "Usiwape majina." Basi. Nikawalisha sungura wenye mimba, wakadungwa dawa, wakapasuliwa viangaliwe vitoto vyao. Ilikuwa ikitafutwa dawa ya malaria isiyomdhuru mtoto tumboni.

Baadaye akaja Daktari Mkuu, mwanamke mkali kama mimi. Akasema mimba ya sungura si mimba ya mwanamke wa hapa kijijini Munje. Yeye alitaka zalio, hilo kondo la nyuma, likiwa bado na joto. Hutiwa mirija kwenye mishipa yake, dawa hupitishwa upande wa mama, kisha hupimwa upande wa mtoto: imevuka au haikuvuka? Haumizwi mtu wala mnyama. Nikatolewa bandani niwe naomba ruhusa kwa wajawazito, kwa kuwa najua Kidigo na siogopi wakwe.

Mwanajuma, mmoja wao, alikubali mapema, kliniki. Alipojifungua nikalipokea zalio kwenye ndoo safi, nikatoka mbio, maana likipoa halifai. Mama mkwe wake akanizuia mlangoni, kitambaa cheupe cha kulifungia mkononi.

"Wee! Zalio la mjukuu wangu kwenye ndoo, kama wauza pweza?"

"Mkweo alikubali, mwenzangu."

"Hilo huzikwa nyumbani. Au la kwako walilitupa jaani?"

Nikarudi kitandani. "Mwanajuma, nijibu wewe. Nichukue?"

Akamtazama mkwewe, akanitazama mimi, akalia. Ndiyo hakuisema. Nikampa yule mama mkwe zalio lake.

Daktari Mkuu alifoka. "Alikwisha kubali! Wanawake wanaugua, Bi Mkubwa, na dawa inangoja."

"Wanaugua, kweli. Nikimpora huyu, wenziwe watazalia nyumbani, na huko watakufa."

 Baada ya siku kadhaa akaamuru kila zalio likishapimwa lirudishwe kwa wenyewe, likazikwe. Wengi wakatoa. Si wote. Mwanajuma alizaa tena na hakutoa, na mkwewe tukikutana hata leo haniamkii.

Nimestaafu sasa. Banda limefungwa, nami silililii. Nyinyi mlioishika kazi hii mwasema ni nyepesi, hakuna damu ya mnyama. Si nyepesi. Sungura tulimkamata tu masikio. Mtu huulizwa, na huulizwa tena, hata dawa ikichelewa. Akinyamaza, hajakubali.