Siku Baba Aliponyamazisha Gari

Baba yangu, fundi Bushiri, aliishi Tukuyu miaka arobaini na moja, na katika miaka hiyo yote alijifunza maneno matatu tu ya Kinyakyusa: ugonile, ndaga na fijo. Salamu, ahsante, na sana. Aliona yanamtosha. Alikuwa ametoka Kilwa akiwa kijana, akafungua karakana ya bati na vyuma nyuma ya soko, na akiambiwa ajifunze lugha ya watu alijibu kwamba chuma hakina kabila. Mimi Bimdogo, bintiye wa pekee, nilizaliwa hapahapa, nikacheza na watoto wa hapa, na hata ndoto zangu nyingine zilikuja kwa lugha yao. Nalisema hili mapema kwa sababu kisa hiki watu humtwika yeye lawama, na mimi nimewaacha wamtwike.

Mzee Ambindwile alikuwa mkulima wa kahawa wa Masoko. Mwaka wa Uhuru alinunua gari la mzungu mmoja wa chai aliyekuwa akifungasha virago: gari la kizamani hata wakati huo, rangi ya maziwa, taa za mviringo, viti vya ngozi. Lakini mvua ya Rungwe haina adabu kwa chuma. Honi ilikufa kwanza. Kisha sailensa, lile pipa la kwenye bomba la moshi linalomeza kelele, ikaoza na kudondoka njiani. Tangu hapo gari lilinguruma hata mtu aliyekuwa bonde la pili akajua nani yuko barabarani. Honi hakuna aliyeikumbuka. Ya nini? Watoto walilibandika gari jina, Tata Ikwisa, yaani Baba Anakuja.

Baba alidhani ni kejeli.

Mwaka 1969, mwezi wa nne, mzee alilileta karakanani. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi.

"Fundi, gali hii inaniaibisha. Nikifika kanisani mchungaji anasimamisha mahubili mpaka nisime injini. Mke wangu kichwa kinamuuma, wajukuu wakikaa nyuma hawasikiani. Na tangu lile Asimio la Alusha, nikipita ofisi ya chama wote wanageuka. Wanasema, kabaila huyo anapita."

"Na watoto wanakucheka, mzee wangu," baba alisema. "Tata Ikwisa, Tata Ikwisa. Niachie wiki mbili. Utaendesha na familia yako mkiongea kama mko sebuleni."

Mzee alicheka kidogo. "Ndaga fijo, fundi. Nataka Jumapili tutembee talatibu, mimi na bibi yangu na wajukuu. Tumeseeka. Tumebakisa nini kingine?"

Sijapata kumwona baba akifanya kazi kwa raha vile. Sailensa ya dukani haikuwepo, ingeagizwa Dar es Salaam na isingefika. Akatengeneza yake. Alichukua bomba jembamba akalitoboa matundu mengi kwa keekee, akalivisha bomba nene, katikati akashindilia manyoya ya chuma, zile nyuzi laini za kusugulia, aliyoyaomba kwenye karakana ya misheni. Akachomelea ncha zote mbili. Kisha akalining'iniza chini ya gari kwa vipande vya mpira wa tairi, ili mtikisiko usipande bodini. Alikohoa kutwa kwa moshi wa kuchomelea, na jioni alikula akisimulia matundu.

Katika wiki hizo mbili, siku ya soko, Elina alikuja kunisalimia nyumbani kwetu, ukuta mmoja na karakana. Elina alikuwa mke wa Ezron, mtoto wa pili wa Mzee Ambindwile, na tulikuwa tumekaa dawati moja shuleni. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Kabla ya hiyo zilikwisha kuharibika mbili, na ukweni walishaanza kunong'ona. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu iliyovimba.

Lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hatamki jina lake, na akijua anakuja njiani huingia migombani akajifunika mpaka apite. Wengine walikwisha kulegeza, hasa watu wa kanisani. Nyumba ya Mzee Ambindwile haikulegeza.

"Siku hizi napumzika," Elina aliniambia. "Gari halipo, na yeye akienda kwa miguu hafiki mbali. Maana nikisikia Tata Ikwisa, zamani nilitua mzigo nikaruka mara moja. Sasa na tumbo hili naanza kujificha likiwa bado liko kule kwenye kona ya juu."

Tukacheka. Wallahi tulicheka, mimi na yeye. Na nyuma ya ukuta aliouegemea, baba alikuwa anagonga sailensa.

Siku ya kulijaribu gari, baba aliniketisha kiti cha nyuma, akaendesha mpaka njia ya Kinyala na kurudi. "Sema neno, Bimdogo. Kwa sauti ya kawaida." Nikasema, baba, mikono yako ina baraka. Akanisikia. Machozi yalimlengalenga, mtu mzima yule. Basi ningewezaje kukumbuka kitu kingine? Nimejiuliza swali hilo miaka mingi, na jibu lake halinipendezi: nilikuwa najivuna.

Jumapili ya kwanza familia ilitembea hadi Isongole na kurudi. Mke wa mzee alituletea mkungu wa ndizi kwa shukrani. Alisema waliimba njia nzima.

Jumanne mzee alitoka peke yake. Mvua ilikuwa imenyesha, ukungu umeshuka. Kwenye ile kona ya juu barabara imechimbwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili mteremko wa mibuni. Elina alikuwa anapanda na tita la kuni kichwani. Hakusikia kitu. Gari lilitokeza kwenye ukungu, hatua chache mbele yake, na nyuma ya kioo alikuwepo mtu ambaye hakuwahi kumtazama usoni tangu alipoolewa.

Gari halikumgusa. Mzee alikwishakanyaga breki. Elina alijifunika uso kwa kanga, akaruka upande wa mibuni, akaporomoka na mteremko.

Na mzee hakushuka. Watu wa pwani wakisikia sehemu hii hukasirika, na baba alikasirika kuliko wote. Lakini angeshukaje? Kumshika mkwewe mkononi, kumwona alivyolala? Aligeuza uso, akaendesha kwenda kutafuta wanawake. Zamani wangetoka wenyewe mlangoni kwa ule mngurumo. Siku ile ilimbidi ashuke nyumba hadi nyumba, akigonga, akiita. Walipofika, Elina alikuwa amelala kwenye matope saa nzima.

Mtoto alizaliwa siku ileile, hana uhai. Alikuwa wa kiume.

Siku arobaini baadaye mzee alileta gari. Hakuvua kofia wala hakukaa.

"Fundi, toboa."

Baba alinitazama, nami nikamweleza, kwa Kiswahili, mambo ambayo ningeweza kumweleza wiki mbili za mwezi wa nne, kila siku, wakati wa kula. Kwamba lile jina halikuwa kejeli. Kwamba ule mngurumo ndio uliokuwa honi, ya kumpa mkwe nafasi ya kujificha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wewe ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Hakunigombeza. Alichukua keekee, akalala chali chini ya gari, akatoboa kazi yake bora matundu manane. Tangu siku ile hakugusa bomba la moshi la mtu yeyote, na maneno yake ya Kinyakyusa yalibaki matatu.

Elina bado huja siku za soko. Hakubeba mimba nyingine. Juzi alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile, tukasikia mngurumo wa Tata Ikwisa kutoka mbali, bado uko njia ya Masoko. Wakati ulikuwepo tele. Akaweka kikombe chini, akajifunika kanga, akasimama nyuma ya mlango wangu, mkono mmoja tumboni kwa mazoea. Nikasimama naye pale mpaka gari likapita.