Faili la Mama Kufuli

Wapishi wa mjini walimwita Mama Kufuli, wala hawakumficha. Alikuwa mkaguzi wa afya wa manispaa, mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Akiingia jikoni alinawa mikono kwanza, ndipo akasalimia. Akikuta sinki halitoi maji, salamu yenyewe hukuipata. Wengi walimwogopa, wachache walimheshimu, na hakuna aliyewahi kumwekea soda mezani akainywa.

Karibu na stendi palikuwa na mgahawa mkubwa wa bwana mmoja aliyeitwa Bosi hata na watu wasiofanya kazi kwake. Siku moja Mama Kufuli alikuta friji ya nyama imezimwa ili kubana umeme, kuku waliooza wamepangwa chini ya kuku wazima, na mavi ya panya ndani ya gunia la unga. Aliandika, akapima joto la nyama, akawatoa wateja kwa upole, akafunga mlango na kubandika tangazo la manispaa. Bosi akamfuata mpaka barabarani.

"Dada yangu, tuzungumze kama watu wazima."

"Tumeshazungumza. Safisha, kisha niite."

"Kwani wewe ni nani hasa? Umesomea wapi hata uje kunifungia riziki?"

"Mimi ni mtumishi wa umma. Nenda manispaa ukaulize, ni haki yako."

Aliyasema hayo kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Hakudhani kwamba Bosi angekwenda kweli.

Bosi alikwenda. Sheria ilimruhusu mwananchi yeyote kuomba kumbukumbu za kazi za mtumishi wa serikali: cheo chake, elimu yake, ngazi ya mshahara, na adhabu yoyote ya kinidhamu iliyokwisha kuamuliwa. Haikumruhusu kujua mtumishi huyo analala wapi, anaugua nini, wala mambo ya watoto wake. Aliyekaa katikati, akiamua mstari kwa mstari kipi kitoke na kipi kibaki, alikuwa mkuu wa masjala, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimwita Mama Kufuli chumbani kwake, penye makabati ya chuma na harufu ya karatasi za zamani.

"Mama, faili lako limeombwa."

"Na Bosi."

"Na Bosi. Anataka kila kitu, mpaka nyumba unayokaa. Nyumba hapati. Lakini kuna hili." Akamgeuzia faili.

Ilikuwa adhabu ya miaka mingi nyuma. Mama Kufuli alikuwa amepewa onyo kali na kushushwa daraja kwa kuacha kituo cha kazi bila ruhusa kwa muda mrefu. Chini yake ilifuata aya ya sababu, kama alivyoieleza mwenyewe mbele ya kamati. Mwaka ule binti yake wa pekee, akiwa bado shuleni, alianza kusikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Aliacha kula, kisha akaacha kusema. Mama alimpeleka hospitali ya magonjwa ya akili katika mji mwingine, akakaa naye huko mpaka msichana alipoanza tena kudai chakula. Ruhusa hakuiomba, kwa kuwa fomu ilitaka sababu, na mkubwa wake wa wakati ule alikuwa mtu wa kusoma fomu za wenzake kwa sauti, akicheka.

"Adhabu siwezi kuizuia," alisema mkuu wa masjala. "Imeamuliwa, imekwisha, na inahusu kazi. Unalipwa na wananchi, wana haki ya kujua. Sababu ndiyo naifunika, maana ina ugonjwa wa mtu. Ila mkitaka itoke, tieni sahihi, wewe na binti. Ikitoka, mama, kila mtu atakuelewa."

"Na ikifunikwa itasomekaje?"

"Kwamba uliacha kazi. Basi."

Mama Kufuli alirudisha faili mezani, akalinyoosha pembe.

"Ifunike."

Mzee alitoa nakala, akaipaka ile aya wino mweusi, akaiinua dirishani. Herufi bado zilionekana kwa mbali. Akatoa nakala ya ile nakala, akaiinua tena.

"Sasa hata mimi sioni kitu," akasema.

Bosi alipoipata, aliibandika kwenye mlango wa mgahawa, juu kidogo ya tangazo la manispaa. Watu wa stendi waliisoma wakisubiri magari. Lile pengo jeusi likawatosha kwa mazungumzo ya wiki nzima, na ulimi hauna mfupa. Wauza matunda walisema alifungwa jela. Madereva walisema alitoroka na mume wa mtu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maji aliapa kwamba alikwenda kujifungua mapacha na kuwaacha huko huko.

Mama Kufuli alipita hapo kila asubuhi. Alisimama mbele ya ile karatasi mara moja tu, kuona kama wino umekaa sawasawa, kisha hakuitazama tena. Jikoni kwingine wapishi walianza kumjibu kwa kebehi. "Leo umepata ruhusa, mama?" aliuliza mmoja. Alimwambia akate kucha. Nyumbani alikuwa akipika chakula na kukisahau mezani mpaka kikapoa, na mkaguzi wa afya hali kiporo.

Binti yake alikuwa sasa mwalimu wa chekechea upande wa pili wa mji. Habari alizipata getini pa shule, kwa mzazi asiyejua anazungumza na nani. Jumamosi akaja, akavua viatu, akakaa sakafuni kama alivyozoea.

"Mama, eti ulitoroka na mkandarasi?"

"Kumbe mkandarasi? Mimi nilisikia dereva wa lori."

Binti alicheka, halafu kicheko kikakatika. "Ni ule mwaka wangu, sivyo?"

"Ndio huo."

"Hukuwahi kuniambia kwamba walikuadhibu."

"Ulikuwa unajifunza upya kulala, mwanangu. Ningekuambia ili iweje?"

"Niletee hiyo karatasi nitie sahihi. Wajue."

"Na Jumatatu, wazazi wakija na watoto wao?"

Binti alifikiri. Aliwajua wale wazazi mmoja mmoja. "Wengine watawahamisha," alisema.

"Basi."

"Lakini wewe wanakutukana!"

"Matusi ni sehemu ya kazi yangu. Ya kwako siyo."

Binti alilia, kwa hasira kuliko huzuni. Alipomaliza alisema, "Siku nikitaka kuisema, nitaisema mimi. Wewe usiiseme, hata kwa kunitetea. Hata kwa kujitetea."

"Sijaisema," alisema mama, akaenda kupasha chakula.

Rufaa ya Bosi ya kupinga kufungiwa mgahawa ilisikilizwa katika ukumbi mdogo wa manispaa, mbele ya kamati iliyoongozwa na hakimu mstaafu, mwanamke aliyekuwa akichoka haraka na maneno marefu. Wakili wa Bosi alisimama na ile nakala mkononi.

"Huyu anayewafundisha wenzake uwajibikaji aliacha kazi, akapotea. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

Wakili alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa jibu hilo.

"Ulikuwa wapi?"

"Niliadhibiwa, na adhabu nikaimaliza. Sababu imefunikwa kwa mujibu wa sheria. Sitaifunua hapa."

"Kwa nini, kama huna la kuficha?"

"Ninalo," alisema Mama Kufuli. "Ndiyo maana limefichwa."

Mwenyekiti alimwuliza kama ana la kuongeza. Akasema hana. Mwenyekiti akamgeukia wakili. "Sasa tuambie habari za kuku."

Habari za kuku zilichukua muda uliobaki. Kamati iliamua kwamba kufungwa kwa mgahawa kulikuwa halali. Iliamua pia kwamba mkaguzi alikosea, kwa kutompa mwenye mgahawa nakala ya vipimo vya joto siku ile ile, kama kanuni inavyotaka. Mama Kufuli alikubali kosa, akapewa onyo. Onyo hilo likaingia katika faili, na kwa kuwa lilikuwa la kazi na limeamuliwa, nalo likawa wazi kwa yeyote atakayeliomba. Mkuu wa masjala alimwomba radhi alipokuwa akiliingiza. "Ingiza tu," alimwambia, "hilo nimelifanya."

Uvumi haukufa, ila ulichoka. Mwaka uliofuata binti alimweleza mwalimu wake mkuu habari ya ugonjwa wake, kwa hiari yake, mlango ukiwa umefungwa. Mwalimu mkuu alimwuliza maswali machache, akamwongezea darasa. Kwa wazazi haikufika.

Bosi naye alisafisha, akanunua friji mpya, akaita ukaguzi. Mama Kufuli alifika, akanawa mikono, akasalimia. Bosi alimfuata nyuma kutoka meza hadi meza, mara hii kwa adabu, mpaka akashindwa kujizuia.

"Dada, mambo yamekwisha, hakuna ubaya tena. Niambie mimi tu. Kwani ulikwenda wapi?"

"Nifungulie friji."

Bosi akaifungua. Baridi ilikuwa ya kutosha. Mama Kufuli alisoma kipimo, akaandika, akamkabidhi nakala yake hapo hapo, kisha akashika njia kuelekea kwa muuza samaki, ambaye hakuwa na habari kwamba anakuja.