Hodi ya Nne

Watu wa mtaani walisema mdogo wangu ameuawa na mchezo wa kompyuta. Niliwachukia kwa maneno hayo, na bado nawachukia. Aliuawa na jiko la mkaa. Lushoto mwezi wa saba si mahali pa kufanyia mzaha. Baridi inashuka kutoka milimani Magamba inaingia mpaka kwenye godoro. Aliingiza jiko chumbani, akafunga mlango na dirisha, akakaa kucheza.

Alikuwa fundi simu, kijana mzima, na chumba chake kilikuwa cha uani. Alfajiri, mama alipotoka kwenda kwenye shamba la kabichi, aliona mwanga wa taa juu ya mlango. Akapiga hodi. Kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa unaondoka, na chumba cha mwanao wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima hukisukumi mlango hata kama ni wewe uliyemzaa. Tulifundishwa hivyo madrasa kabla hatujajua kufunga vifungo vya shati. Mama akapiga zake tatu, akadhani mwanawe amepitiwa na usingizi taa ikiwaka, akabeba jembe lake. Aliporudi kutoka shambani akakuta taa bado inawaka, akaita majirani. Walipovunja mlango, mdogo wangu alikuwa ameshapoa.

Tangu siku hiyo mama ana swali moja tu: angepiga hodi ya nne, angemkuta hai? Daktari alimwambia hakuna awezaye kujua. Shehe alimwambia siku yake ilikuwa imefika. Yote mawili huenda ni kweli, na yote mawili yaliniudhi, kwa sababu mama alirudi nyumbani na swali lake vilevile.

Baada ya arobaini vitu vya marehemu viligawanywa. Mimi nafundisha shule ya msingi Korogwe, basi ndugu wakaona kompyuta yake inifae mimi. Mama akaniomba nimwonyeshe alichokuwa anakitazama mwanawe. Nilimzungusha, nikasema leo umeme mdogo, kesho nina madaftari ya kusahihisha. Akaniomba tena. Mchana mmoja wa ukungu nikachoka kukataa, tukakaa sebuleni, nikaufungua mchezo pale alipoishia.

Ni mji wa miaka ijayo, maghorofa yamepotelea mawinguni, mabango ya taa yanazungumza yenyewe, na watu wamebadilishiwa macho wakawekewa ya mashine. Mvua haikatiki. Wewe ni mpelelezi unayemtafuta mtu aliyepotea. Huna bunduki wala hupigani na yeyote. Kazi yako ni kuuliza, na maneno ya kusema unayachagua katika yale unayoandikiwa. Yote yapo kwa Kiingereza, nikawa namfasiria mama sentensi kwa sentensi.

"Mvua yao kama ya kwetu," alisema. Mpelelezi alipomfuata mzee mmoja na kuanza kumhoji moja kwa moja, mama akanishika mkono. "Hajaamkia!"

"Hakuna shikamoo humu, mama."

"Mtoto wa watu gani huyu? Na askari gani hana hata rungu?"

Akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka, na mimi mjinga nikafurahi, nikaendelea.

Mzee yule alituelekeza ghorofani, kwa mtu aliyekuwa akitafutwa. Tukafika kwenye mlango wa chuma. Chini yake mwanga ulikuwa unapenya. Nilitaka kuifunga kompyuta palepale, lakini mama alikuwa ameshauona.

"Taa inawaka," alisema. "Yumo. Piga hodi."

Nikachagua kugonga. Kimya. Nikachagua tena, kimya. Mara ya tatu mpelelezi aligonga kwa nguvu, na hakuna aliyejibu.

"Piga tena," mama alisema.

Nikatafuta. Maneno ya kugonga yalikuwa yameondoka kwenye kioo. Nikabonyeza kila kitufe ninachokijua na nisichokijua.

"Mwambie apige teke."

"Hawezi, mama. Mchezo huu hauna kupiga."

"Basi aite watu! Nyumba yote hiyo haina majirani?" Kisha akaanza kusema na ule mlango kwa Kishambaa, polepole, kwa sauti aliyokuwa akituamshia tukiwa wadogo. Nilimwacha. Kumnyamazisha kungehitaji roho ngumu kuliko niliyo nayo.

Aliponyamaza akaniuliza pamebaki nini.

"Limebaki neno moja tu," nikamwambia. "Ondoka."

Akakaa akiutazama ule mwanga. "Bonyeza," alisema. "Hata mimi niliondoka."

Nikabonyeza. Mpelelezi akashuka ngazi, akatokea kwenye mvua, na mchezo ukampeleka mtaa mwingine kwa watu wengine. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na nini, hatukuambiwa. Mama akainuka akaenda kuchambua maharage.

Siku hizi mama hapigi hodi kabisa, kwangu wala kwa watu. Anasukuma mlango, anaingia, anakutazama kifua kama kinapanda na kushuka, anatoka. Majirani wamelalamika kwamba amekosa adabu, na wengine sasa wanajifungia akipita. Mimi nikija likizo nalala chumba cha uani. Komeo la mlango nimeling'oa.