Kabla Hajakanyaga Cherehani

Kila asubuhi, kabla hajakanyaga cherehani, fundi huweka viganja juu yake na kusema, "Baba, ufalme wako kwanza, foleni yangu baadaye." Leo mama wa bibi harusi alikuwa amemkalia kooni, maana harusi ni kesho na shela halijakwisha. Mara akaingia baba mmoja, shati limechanika begani. "Mke wangu amezinduka hospitali. Sitaki anione hivi." Fundi akatoa pini midomoni, akalisogeza shela kando. "Nivumilie, mama. Huyu kwanza."

Mama akafura, kisha akanywea. Mwaka jana, alipoleta gauni la kuvaa siku ya kumzika mumewe, nguo iliyosogezwa kando ilikuwa ya bibi harusi mwingine, na kwa majonzi hata asante hakusema. Sasa akavaa miwani, akamtungia fundi uzi kwenye sindano.