Ndugu Wadogo wa Uingereza Waingia Durban

Niliondoka Morogoro kwenda kuwatetea marehemu. Kwa miaka mingi nimefundisha seminarini fikra za watawa wa Uingereza wa zama za kati, wale ombaomba waliojiita ndugu wadogo, na gombera, yaani mkuu wa seminari yetu, alikuwa amechoka nao. Alitaka kipindi changu kiende kwa ujasiriamali. "Niletee mtu mmoja tu, asiye padri wala mtawa, aliyewahi kuwahitaji hao Waingereza wako," aliniambia, "nami nitakuachia kipindi." Nilikuwa bado najikuna kichwa pale rafiki yangu Padri Modesti aliponialika Durban, nizungumze na waumini wake wanaosema Kiswahili, wahamiaji kutoka Kongo na Burundi. Nikasema moyoni, Mungu si gombera.

Ndani ya ndege niliipitia hotuba yangu. Mmoja wa watawa hao alifundisha kwamba ukieleza jambo usirundike sababu zisizohitajika. Hoja hiyo niliieleza katika kurasa kumi na mbili.

Kwenye uwanja wa ndege wa Durban alinipokea Padri Modesti mwenyewe. Njiani kwenda mtaa wa Point alinihakikishia kwamba ukumbi utajaa. Nikamuuliza kama watu wa huku wanapenda falsafa kiasi hicho. "Mama Odette katekista ametangaza," alijibu, macho yakiwa kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za kuongozea magari.

Ukumbini Point palikuwa hapatoshi. Mama Odette, mama wa Kirundi mwenye sauti isiyohitaji kipaza, alisimama akanikaribisha. "Bandugu badogo bote, karibuni! Leo iko mwalimu wa kutusaidia juu ya bakubwa betu." Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilimwandikia Padri kwamba nitazungumzia ndugu wadogo, naye Mama Odette akaita mkutano wa ndugu wadogo. Wote waliokaa mbele yangu walikuwa na kaka au dada aliyewatangulia kuzaliwa na aliyewakosea. Kifungua mimba mmoja alikuwa amerudishwa mlangoni.

Nilijikaza nikaanza na historia. Dada mmoja anayefanya kazi kiwandani Mobeni alinyoosha mkono. "Mwalimu, hao Bangereza, mukubwa yabo alibafanyia nini?" Nikajibu kwamba mmoja wao aligombana na Papa mpaka akakimbia usiku. "Voilà!" alisema, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kisha akasimama kijana mwembamba, nadhifu. Jina lake Butoyi, jina ambalo Warundi humpa pacha anayefuata. Anayetangulia huwa Bukuru. "Tunanyoa pamoja na Bukuru, duka moja," alisema. "Sura moja, mashine moja. Lakini bateja banamungojea yeye tu. Juu ya nini? Iko na nini ndani yake, miye sina? Kama ni dawa, sema tu, niende zangu."

Nikaweka karatasi chini. Nikamwambia watawa wangu walilikeshea swali hilo hilo. "Usiongeze dawa pasipohitaji dawa. Hakuna kitu cha ziada ndani ya Bukuru. Kinachomfanya awe yeye si sura wala mikono, ni kwamba ni huyu na si yule. Na wewe vilevile ni huyuhuyu, hujapungua kitu."

"Hata sura ikiwa moja?"

"Hata ikiwa moja."

"Hata mama akituchanganya?"

"Hata akiwachanganya."

Alikaa chini akajifuta macho kwa kiganja. Nilifurahi, sifichi. Nilikuwa nimempata mtu wa gombera, na zile kurasa nyingine sikuzisoma.

Siku ya kuondoka Butoyi alikuja kuniaga nyumbani kwa Padri. "Sharp, Mwalimu! Nimetoka kwa Bukuru. Nafungua duka yangu kule Queensburgh." Nikamuuliza Bukuru amesemaje. "Eish. Alikaa tu kwenye kiti ya muteja."

Niliporudi Morogoro na kumsimulia, gombera alicheka hadi akavua miwani. Alisema somo linaloweza kuvunja duka Durban bado halijafa, na kipindi akaniachia. Nilipongezwa hata na mwalimu wa ujasiriamali, maana safari yangu ndiyo iliyozaa biashara mpya.

Jana Padri Modesti alinipigia simu. Bukuru anauliza nitarudi lini, na safari hii anaomba wakubwa nao waruhusiwe kuingia. Wateja bado wanajaa kwake, ila ana swali: kama kila mtu ni huyuhuyu, mbona kila akiinua macho kwenye kioo cha dukani anamwona yule?

Nimewapekua watawa wangu wote, mmoja mmoja. Nilichojifunza Durban ni kwamba walijua kutenganisha; jinsi ya kuunganisha sijaiona popote. Kipindi kinaanza Jumatatu, na swali la kwanza nitakaloandika ubaoni ni la Bukuru.