Wipana na Ilawanti Walivyopigania Kisima

Wipana ni mdogo wake mama yangu, na kwetu huyo ni mama pia. Alifinyanga vyungu katika banda la sanaa, akavipaka rangi nyekundu ya jangwa letu la Australia, kisha akachora matuta ya mchanga na mito mikavu.

Ilawanti, binti wa baba mkubwa wa Wipana, alikuja kwetu kutoka magharibi kuhudhuria msiba. Alipoingia bandani akakuta chungu kipya chenye picha ya kisima cha bibi yao, ambacho huchorwa na aliyepewa tu.

"Kisima hiki nani amekupa ukichore?"

"Bibi alinionyesha. Kwani vipi?"

"Bibi alinionyesha mimi! Mwizi mkubwa we! Unawauzia wazungu maji ya watu!"

"Alipopofuka nani alimlisha? Wewe ulikuwa unakimbizana na mume wa mtu, na hiyo miguu yako ya ndege emu."

Watu wa msibani waliojaa mlangoni wakaangua kicheko. Ilawanti akakibamiza chungu sakafuni.

Wakatoka nje, kila mmoja na rungu lake. Ilawanti alitangulia kupiga. Wipana alijikinga kwa mkono wa kulia, nasi tukasikia mfupa ukivunjika. Akahamishia rungu kushoto, akamtwanga mdomoni. Ilawanti akatema meno na damu, akamrudia. Mama alijitupa katikati, akala rungu la bega. Mbwa walikuwa wamepandwa na wazimu.

Mkono wa Wipana ulipounga, ukiwa umepinda, Ilawanti alirudi. Mbele ya ukoo mzima aliketi mchangani, akainamisha kichwa kama desturi inavyotaka.

"Haya, mdogo wangu. Nipige, yaishe."

Haki ya Wipana ilikuwa pigo moja tu, kulipia mkono. Wipana alipiga, damu ikamtiririka Ilawanti hadi kifuani. Hakujikinga. Wipana akainua rungu tena.

"Inatosha!" mama akapiga kelele. "Wipana, umeshamaliza!"

Wipana akapiga la pili, usoni. Wanaume ndio waliomnyang'anya rungu.

Jicho la Ilawanti lililopigwa halikuona tena. Wazee walimkataza Wipana kuchora kisima chochote. Alijifunza kuchora kwa mkono wa kushoto, matuta matupu, mistari ikitetemeka.

Ilawanti hakurudi kwao. Alihamia nyumba ya Wipana, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini. Tukichoma mkia wa kangaruu, Wipana humchambulia nyama, humwekea kiganjani.

"Mkia huo una mfupa," humwambia. "Tafuna polepole."